"Mama yetu alivumilia": alimvumilia nani?



Tumo katika Novemba, mwezi ambao Kanisa limeutenga kwa ajili ya kuwaombea marehemu. Katika parokia nyingi bahasha za nia za Misa zimejaa majina, makaburi yamefyekwa na misalaba imepakwa rangi upya, na familia nyingi zinapanga tarehe ya Misa ya kumbukumbu. Ninapozipitia bahasha hizo kabla ya Misa, nia mbili hunirudia mara nyingi kuliko nyingine: kumwombea marehemu mama yetu mpendwa, na kumwombea marehemu mke wangu. Ndiyo maana leo napenda tutafakari pamoja jinsi tunavyomkumbuka mwanamke huyo ambaye alikuwa mke wa mtu na mama wa watu.

Nianze na msiba mmoja. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuongoza mazishi ya mama mmoja mzee, muumini mwaminifu, ambaye jumuiya yake ilimpenda na akina mama wa WAWATA walikuja kwa wingi wakiwa wamevaa sare zao. Nyumbani, kabla ya kuaga mwili, mtoto wa kwanza alisoma wasifu wa marehemu. Wewe msomaji unaufahamu mpangilio wake. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu, na Mungu akawajalia watoto saba. Halafu wasifu ukaruka miaka arobaini hivi na kutua kwenye ugonjwa: shinikizo la damu, hospitali ya kwanza, hospitali ya pili, hali ikabadilika ghafla usiku, mauti yakamkuta. Katikati ya ndoa na ugonjwa kulikuwa na sentensi moja tu: "Mama yetu alikuwa mvumilivu sana, alivumilia mengi." Akina mama waliokaa kwenye mikeka waliguna na kutikisa vichwa.

Mshereheshaji alikuwa tayari anatangaza utaratibu wa kuaga, ndipo mume wa marehemu aliposimama. Hakuwamo kwenye ratiba. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili akasema, "Wanangu, mmesema mama yenu alivumilia. Ni kweli. Lakini hamkusema alimvumilia nani. Alinivumilia mimi." Kisha akataja kwa maneno machache miaka ya pombe, mishahara iliyoishia kilabuni, na usiku ambao mama huyo alitoka na watoto akaenda kulala kwa jirani. Hakuendelea sana. Aliweka mkono juu ya jeneza, akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama alivyozoea, akasema, "Nisamehe."

Baadhi ya ndugu walikasirika. Walisema mzee amechanganyikiwa kwa majonzi, kwamba ameanika mambo ya ndani mbele ya wageni. Lakini binti yao mmoja, ambaye tangu nifike nilimwona akikaa mbali na baba yake, aliinuka, akachukua kiti, akampelekea.

Katika miaka yangu ya upadre nimesikia wasifu mwingi wa marehemu. Nyingi zimetoka kichwani mwangu kabla hata ya kutoka makaburini. Huo wa mzee, ambao haukuandikwa popote, bado ninao.

Nimelitafakari sana neno hilo, "alivumilia." Tunalipenda mno tunapowazika mama zetu. Ni neno la heshima, na uvumilivu ni tunda la Roho Mtakatifu, kama Mtume Paulo anavyowafundisha Wagalatia. Lakini jinsi tunavyolitumia misibani, mara nyingi ni neno lisilo na mwenyewe. Alivumilia mengi, basi. Hayo mengi yalitoka wapi? Ukame? Umaskini? Wakati mwingine ndiyo. Lakini mara nyingi sana, waliomvumilisha ndio hao waliokaa mstari wa mbele wamevaa fulana zenye picha yake: mume, mawifi, wana aliowauzia ng'ombe wa ada wakaacha masomo, mabinti waliompigia simu walipokuwa na shida tu. Tunausifu uvumilivu wake na papo hapo tunauficha mkono uliomfanya avumilie. Na kwa kuwa yeye hawezi tena kusema, jambo hilo linazikwa naye.

Je, Mkristo amkumbuke vipi mama yake? Kanisa lina mfano wa zamani wa mtoto aliyelifanya jambo hili vizuri, naye ni Mwafrika. Ni Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ulio katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mama yake ni Mtakatifu Monika, ambaye akina mama wengi Wakatoliki wamemchukua kuwa mwombezi wao, na ambaye tunamkumbuka kila tarehe 27 Agosti, siku moja kabla ya sikukuu ya mwanawe.

Augustino aliandika habari za mama yake zaidi ya miaka kumi baada ya kumzika. Hakuandika kitabu cha kumsifu. Alimweka ndani ya kitabu alichokiita Maungamo. Nilipokisoma kwanza seminarini, nikiwa kijana, nilikiona kuwa kitabu cha dhambi za ujana. Leo, nikiwa nimewazika akina mama wengi, nakiona pia kuwa kitabu cha mtoto aliyetambua kwamba hawezi kusimulia maisha ya mama yake bila kuungama yake mwenyewe.

Chukua kisa cha Karthago. Mwaka 383 Augustino alitaka kusafiri kwenda Roma kufundisha. Mama yake hakutaka aende, akamfuata hadi pwani na kumng'ang'ania. Kijana akamdanganya. Alimwambia kwamba yuko pale kumsindikiza rafiki anayengoja upepo wa kusafiria. Akamshawishi mama akalale katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari, na usiku huohuo akapanda meli akaondoka. Asubuhi mama alibaki pwani akilia. Tunakijua kisa hiki kwa sababu aliyedanganya ndiye aliyekiandika. Kama angetaka, angeandika tu kwamba mama yangu alivumilia mengi, nasi tungeguna na kupita.

Augustino hamfanyi mama yake kuwa malaika pia. Anaeleza kwamba Monika alipokuwa msichana alianza kuonja divai kwa siri alipotumwa kwenye pipa, kidogo kidogo hadi ikawa mazoea, na kwamba aliacha baada ya mtumishi mmoja kumwita mlevi katika ugomvi. Anaeleza jinsi mama mkwe wake alivyomchukia mwanzoni kwa maneno ya kuchonganishwa, na jinsi Monika alivyomshinda kwa upole. Anasema jambo moja ambalo ningependa lisomwe katika kila jumuiya: watu wawili waliogombana walipomjia kila mmoja na maneno machungu dhidi ya mwenzake, Monika hakumpelekea mmoja ya mwingine, isipokuwa yale ya kuwapatanisha. Huyo ni mtu halisi. Ukisoma unamwona. Wasifu wetu mwingi hauonyeshi mtu. Ukibadilisha jina na tarehe, unafaa kwa marehemu yeyote.

Kuhusu baba yake, Patricius, Augustino anasema ukweli kwa kifupi. Alikuwa mwema lakini mwepesi wa hasira, na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Monika hakuacha kumwombea, na kabla ya kufa Patricius alibatizwa.

Hapa sina budi kusema jambo moja waziwazi. Mfano wa Monika umewahi kutumiwa vibaya. Augustino mwenyewe anasimulia kwamba wake wengine wa mji ule walikuwa na alama za kipigo usoni, na kwamba mama yake aliwashauri kunyenyekea kwa waume zao na kuzuia ulimi. Ulikuwa ushauri wa karne ya nne, katika dunia ambamo mke hakuwa na pa kukimbilia. Usimpelekee ushauri huo jirani yako anayepigwa leo, ukadhani unampelekea Injili. Sheria ya Kanisa inamruhusu mwanandoa kuondoka pale mwenzake anapomhatarisha vibaya yeye au watoto kwa roho au kwa mwili. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, Amoris Laetitia, alikwenda mbali zaidi akafundisha kwamba kuna nyakati ambapo kutengana kunakuwa wajibu wa kimaadili, ili kumwokoa aliye mnyonge na watoto wadogo na ukatili. Mama yangu unayesoma haya ukiwa na jeraha ulilolificha kwa kitenge, usingoje siku wanao watakapolisifu kwenye kipaza sauti. Mwambie katekista, paroko, mama mwenyekiti wa jumuiya, au nenda kwenye dawati la jinsia polisi. Msalaba wa Bwana haukuwahi kuwa ruhusa kwa mtu yeyote kukupiga.

Nirudi kwa Augustino. Baada ya kumfuata mwanawe hadi Milano, Monika alimwona akibatizwa na Askofu Ambrosi katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387. Mwaka huohuo, wakiwa Ostia, bandari ya Roma, wakingoja meli ya kurudi Afrika, mama aliugua homa. Alikuwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Zamani alikuwa amehangaika sana juu ya kaburi lake, kwa kuwa alitaka kulala kando ya mumewe nyumbani. Mtoto wake mwingine, Navigius, alipomsikitikia kwamba atafia ugenini, Monika alimtazama kwa kumkemea. Aliwaambia waliokuwepo kwamba mwili wake wauzike popote wasijisumbue nao. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba popote watakapokuwa wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Siku ya tisa ya ugonjwa wake akafariki.

Naomba tukae kidogo kwenye ombi hilo, maana sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Tunahangaika na mwili na kaburi, tukaisahau altare. Tunasafirisha jeneza mikoa mitatu, nami sikatai, kuzikwa kwenu ni jambo jema. Tunaweka marumaru na picha kubwa kwenye kaburi, na kamati ya arobaini inakusanya michango ya turubai, ng'ombe na vinywaji. Halafu ndugu mmoja anakumbuka jioni: "Jamani, Misa imeandikishwa?"

Monika naye alikuwa na desturi ya makaburini. Alipokuwa Afrika alizoea kupeleka uji, mikate na divai kwenye makaburi ya mashahidi, kama watu wa kwao walivyofanya. Alipofika Milano akaambiwa na mlinzi wa mlango kwamba Askofu Ambrosi amekataza, kwa kuwa desturi ile ilikuwa imegeuka kwa wengine kuwa nafasi ya ulevi. Mama huyu hakununa. Badala ya kikapu cha vyakula akapeleka moyo uliojaa sala, na alichokuwa nacho akawapa maskini. Kamati zetu za kumbukumbu zingeweza kujifunza hapo bila kuvunja mila yoyote iliyo njema.

Na kwa nini altare? Kwa sababu hata mama mwema kiasi gani anahitaji huruma ya Mungu. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, tunasoma jinsi Yuda alivyochangisha drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi za waliokufa. Augustino, pamoja na mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa mama yake, hakusema kwamba ameshafika mbinguni moja kwa moja. Aliiweka kando orodha ya wema wake akamwomba Mungu amsamehe dhambi zake. Kisha akawaomba wote watakaokisoma kitabu kile wawakumbuke altareni Monika na mumewe Patricius. Katika kitabu kizima jina la Monika limeandikwa mara moja tu, na ni hapo, katika kuomba aombewe. Na amemtaja pamoja na baba. Mtoto aliyejua vizuri baba yake alikuwa mtu wa namna gani aliwaombea wote wawili kwa pumzi moja.

Siwezi kuandika haya nikajiweka pembeni. Mama yangu mwenyewe nilimzika kwa mikono yangu, nikahubiri, na watu walisema nilihubiri vizuri. Nilisimulia jinsi alivyotufundisha Rozari jikoni, tukimenya ndizi. Sikusema kwamba wiki mbili kabla alinipigia simu akaniambia, "Padre, ukipata nafasi uje." Aliniita Padre tangu siku ya daraja yangu, hakutaka kuniita jina tena. Nikamwambia nina kikao cha ujenzi, nitakuja Jumapili inayofuata. Kikao hakikuwa cha lazima. Nilikuwa nimechoka, na sikutaka safari. Jumapili inayofuata ilipofika, niliyemkuta hakuwa anazungumza. Nilichukua muda kuliungama hilo, ingawa mimi huketi kwenye kiti cha maungamo kila Jumamosi nikiwasubiri wengine. Siku nilipoliungama ndipo nilipoweza kumwadhimishia mama yangu Misa bila kujisikia kama mtu anayelipa deni kwa hundi isiyo na fedha.

Labda utaniambia, "Padre, marehemu hasemwi kwa mabaya, na ya nyumbani hayatolewi nje." Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Sijasema kila mtu ashike kipaza sauti. Na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuungama dhambi za mwingine: mtoto asisimame msibani kumshitaki baba, wala shangazi asigeuze mazishi kuwa mahakama. Yule mzee alisema yake mwenyewe, na Augustino alianza na yake. Kwa wengi wetu mahali pa kusemea ni kitubioni, na baada ya hapo ni sebuleni, mlango ukiwa umefungwa, mbele ya dada au kaka tuliyemwachia mzigo wa kumuuguza mama peke yake.

Kwa hiyo, kama mwezi huu mnaandaa kumbukumbu ya mama, nawaomba mambo machache. Andikisheni Misa kwanza, ndipo mpange chakula. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja aende kuungama, na katika ungamo lake amtaje mama: nilimdanganya, nilimkasirikia, sikumpigia simu, nilimtumia fedha nikadhani nimemaliza. Walioacha kusalimiana tangu siku ya kugawana vyombo na shamba lake wasalimiane, kwa sababu hakuna sadaka ya altare inayokaa vizuri juu ya ugomvi, Bwana mwenyewe alituagiza tupatane kwanza ndipo tulete sadaka. Na mkiandika wasifu wake upya kwa ajili ya wajukuu, ijazeni ile miaka arobaini mliyoiruka. Andikeni alivyocheka, alivyokosea, alichokuwa akipika mvua ikinyesha, nani alikuwa akimkopesha chumvi, na mliomsumbua mjitaje kwa majina.

Nawe mgane, uliyebaki na kitanda kikubwa na nyumba iliyo kimya, huenda unajiambia kwamba umechelewa, maneno uliyopaswa kumwambia hakuna tena wa kuyapokea. Imani yetu haisemi hivyo. Tunasadiki ushirika wa watakatifu. Kila Misa, padre anapowataja waliotutangulia, una nafasi ya kumwambia Mungu yale uliyoshindwa kumwambia mkeo, naye Mungu hajawahi kukosa njia ya kumfikishia.

Na kama mkeo bado yupo, kama mama yako bado anapokea simu, funga gazeti hili. Yesu akiwa msalabani, katika maumivu yale, hakusahau kupanga mama yake atakaa na nani, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Alifanya hivyo mama akiwa amesimama pale, anasikia.

Yule mzee niliyewasimulia huja bado kuandikisha nia kila mwezi. Kwenye bahasha huandika jina la mkewe kwanza, na chini yake, kwa mwandiko unaotetemeka, huandika: "na mume wake." Siku ya kwanza nilidhani amekosea, kwa kuwa yeye yu hai. Hakuwa amekosea.

Roho za marehemu waamini zipate rehema kwa Mungu. Nawatakia Dominika njema.